Mbele Ni Upande wa Dirisha

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Injini imeingia jikoni! Imekaa juu ya meza ya chakula, imetulia kama mgeni wa heshima. Meza imelia kidogo, lakini imesimama. Mke wangu amelia zaidi, naye pia amesimama, mlangoni, mikono kiunoni. Ameuliza watu watakula wapi. Nimemweleza kwamba kwa sasa tutakula magotini, na kwamba hata safarini watu hula hivyo. Akauliza safari gani. Swali zuri.

Habari yenyewe ni hii, nami naiandika hapa vizuri ili isije ikapotoshwa baadaye. Baba mkwe, dereva wa treni mstaafu, ana mashua ya tanga aliyoinunua alipoacha kazi. Ndani yake mna injini ya dizeli ya silinda moja, ya kuzungushwa kwa mpini, ambayo haijatoa sauti tangu mwanetu wa mwisho alipoanza kutembea. Mwana huyo sasa ana ndevu. Jana mzee alituita, mimi na mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, ambaye kwa bahati mbaya ni jirani yetu pia. Ukuta wake ndio ukuta wetu. Mzee akatamka hukumu. Mimi nimepewa injini. Mwanyumba amepewa tanga. Jumapili mzee atapanda mashua. Tutampeleka mpaka kwenye boya jekundu na kumrudisha. Tukifaulu, mashua itabaki katika familia, na yeye ataamua iwe ya nani. Tukishindwa, atampa mwenye hoteli, ambaye anataka kuiweka bustanini, aijaze udongo na kupanda maua.

Maua! Ndani ya mashua!

Nimeapa kimoyomoyo kwamba itakuwa yangu. Nilikuwa mkaguzi wa mizani kabla ya kustaafu. Nimewanyoosha wauza nyama wakiwa na visu mikononi. Siwezi kushindwa na mshona mapazia. (Mwanyumba hushona mapazia. Huyashona vizuri. Sina la kuongeza.)

Hila ya kwanza nimeitekeleza leo hii hii. Nimemwambia mwanyumba, kwa sauti ya kindugu, kwamba kamba bora za tanga zinasokotwa na mzee mmoja mwenye jicho moja, ng'ambo ya mji, nyuma ya kiwanda cha matofali, na kwamba ni lazima aende mwenyewe. Ameshukuru sana. Akaondoka asubuhi. Nikasugua viganja.

Alasiri amerudi na kamba mpya, na salamu kutoka kwa mzee mwenye jicho moja.

Mzee huyo nilimbuni mimi!

Pistoni imekwama. Nimemimina dizeli ndani ya silinda nikaiacha iloweke. Harufu imejaa nyumba nzima. Nimekwenda kulala nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nistaafu.


Jumanne, tarehe 5 Mei

Pistoni bado. Nimezungumza nayo kwa upole, kisha kwa ukali. Haijali cheo.

Nimechemsha vali, nati na bolti katika siki ili kutoa kutu. Sufuria niliyotumia ilikuwa kubwa, pana, yenye mfuniko unaokaa sawasawa. Baadaye nimegundua kwamba ndiyo sufuria ambayo mke wangu alipewa na mama yake siku ya harusi. Ndani imebadilika rangi. Ilikuwa nyeupe, sasa ina rangi ya mawingu kabla ya mvua. Nimeirudisha rafuni na kuifunika vizuri.

Wazee wa gatini wana desturi ya kusikiliza injini kwa kijiti kikavu: ncha moja juu ya chuma, ncha ya pili sikioni. Husema kijiti hakidanganyi. Sikuwa na kijiti. Nimechukua mwiko. Nimeuweka juu ya silinda, nimefumba macho, nimesikiliza. Sauti! Laini, ya haraka, yenye mpigo ulio sawa! Nimemwita mke wangu mbio, nikamwambia injini inapumua. Ameutwaa mwiko, akasikiliza kwa makini. Akaniambia hiyo ni cherehani ya mwanyumba, ukutani, anashona tanga.

Mtu huyo anashona mno.

Saa za mchana nimeweka kipande cha mbao juu ya pistoni, nikashika nyundo. Ko! Ko! Ko! Sahani zimeruka. Shemeji, yaani mke wa mwanyumba, amegonga ukuta upande wake. Nimemjibu kwa nyundo. Ko! Na hapo hapo pistoni ikashuka, polepole, kwa adabu, kama mtu mnene anayeingia kwenye maji baridi. Nimepiga kelele. Mke wangu amekuja akidhani nimejigonga kidole. Alipoona pistoni inapanda na kushuka, amecheka, ameketi kando yangu na kuipaka mafuta kwa kitambaa kwa muda mrefu. Meza ameisahau.

Chakula cha usiku kilikuwa na ladha ya dizeli. Mwiko! Nimekula sahani mbili na kukisifia ili asishuku. Amenitazama sana. Amesema amefurahi nimekipenda, na kwamba yeye ameshiba kwa dada yake.


Jumatano, tarehe 6 Mei

IMEWAKA!

Naandika kwa utaratibu. Asubuhi nimeigeuza injini juu ya meza, mkia wake ukaelekea dirishani, kwa sababu bomba la moshi liko mkiani, na moshi hauwezi kutolewa kabatini. Nimefunga mpira kutoka bomba la jikoni hadi kwenye pampu ya maji, maji yakapita ndani ya injini na kurudi kwenye karo. Nimetoa hewa katika mpira wa mafuta: unalegeza nati, dizeli inatoka na mapovu, unangoja mapovu yaishe, unakaza. Mapovu yaliisha. Dizeli haikuisha. Tumeipangusa baadaye.

Mke wangu alisimamia bomba. Mimi nilishika mpini. Kwanza unainua kile kidude cha juu kinachoiacha silinda ipumue, unazungusha kwa nguvu, mwendo ukishakolea unakiangusha. Jaribio la kwanza: hakuna. La pili: injini imepiga chafya. La tatu: mpini umenirudi, nikaketi ndani ya ndoo. Mke wangu amesema, "Baba, ukishamaliza kuoga, jaribu tena." Nikajaribu tena.

Tu! Tu! Tu-tu-tu-tu!

Sauti gani hiyo! Vikombe vikacheza. Saa ya ukutani ikaanguka. Meza ikatembea, kweli ikatembea, mpaka ikafika kwenye jokofu. Bomba la moshi likatema duara zito, jeusi, zuri sana, likatoka dirishani na kwenda moja kwa moja kutua katikati ya tanga la mwanyumba, ambalo lilikuwa limefuliwa na kuanikwa uani.

Naandika hapa kwa kalamu yangu mwenyewe kwamba haikuwa hila. Nasikitika haikuwa hila.

Shemeji ametoka akipiga yowe. Mwanyumba ametoka nyuma yake. Ametazama tanga. Lilikuwa na duara jeusi lenye ukubwa wa sinia. Nilitayarisha uso wa huzuni. Mwanyumba akaja mbio, akaingia jikoni kwetu kwa mlango wa nyuma, akanikumbatia, akapaza sauti kushinda injini: "Kaka, imewaka! Umeiwasha!" Macho yake yalikuwa na machozi, huenda ni moshi. Halafu akasema kwamba amekuwa akiwaza alama gani aitie kwenye tanga, na sasa amepata, na imekaa katikati barabara, hata yeye na chaki yake asingeweza.

Mtu huyo hana hata adabu ya kukasirika. Utashindanaje na mtu wa namna hiyo?


Alhamisi, tarehe 7 Mei

Leo ni siku ya gia. Mkono wa gia una sehemu tatu: katikati, ambapo hakuna kitu, upande mmoja mbele, upande mwingine nyuma. Alama za zamani zimefutika. Mtu mzembe angebahatisha. Mimi nimepima.

Meza tumeirudisha karibu na dirisha. Dirisha linatazama maji. Mashua husafiri kwenda majini. Kwa hiyo mbele ni upande wa dirisha. Nimechukua rangi nyekundu na brashi nyembamba, nikaandika MBELE upande wa dirisha, na NYUMA upande wa jokofu. Herufi kubwa, zenye nafasi sawa. Hata mzee mwenye jicho moja atazisoma.

Mchana tumeipeleka injini gatini kwa mkokoteni. Ni nzito kama deni la ukoo. Nililazimika kumkubali mwanyumba asaidie. Yeye alishika mkia, mimi nilishika kichwa, kama inavyostahili. Njiani akawa anakodolea macho mkono wa gia. Hatimaye akauliza, kwa heshima, lazima nikiri, kama sehemu tuliyoandika MBELE si ile inayoelekea mkiani. Nimemjibu kwamba "tuliyoandika" si neno sahihi, kwa kuwa nimeandika peke yangu. Akasema sawa kaka, lakini mkia si ndio unaokaa nyuma? Nimemwambia kwamba mimi sijamuuliza pazia huning'inia kuelekea wapi.

Ameinamisha kichwa. Nadhani ameelewa.

Gatini tumemkuta mwenye hoteli. Mtu mpole, mviringo, mwenye kofia ya majani. Alikuwa ndani ya mashua yetu akiipima kwa futikamba. Ameniuliza kama nadhani waridi litapata jua la kutosha upande wa usukani. Nimemwambia kwamba upande wa usukani nitakaa mimi. Akasema hapana neno, hata kiti kitakuwapo, wageni wapate kupigiwa picha.


Ijumaa, tarehe 8 Mei

Nimekaa tumboni mwa mashua tangu asubuhi, miguu juu, kichwa chini, spana mdomoni. Raha tupu. Maji yanapiga ubavuni taratibu. Mke wangu ameleta chai katika chupa, ameketi juu ya ngazi, akawa ananishikia tochi na kunihadithia habari za mtaa. Sijui kwa nini hatukuwa tunafanya hivi zamani.

Injini imefungwa mahali pake. Mhimili umeunganishwa. Pale mhimili unapotokea nje kwenda kwenye propela huwekwa kamba yenye grisi, inayokazwa kwa nati. Wasiojua huikaza mpaka maji yasiingie kabisa. Kisha mhimili huwaka moto. Ni lazima liwepo tone. Nimeacha tone. Mke wangu ameweka kikombe chini yake. Nimemweleza kwamba tone hilo ni la kitaalamu. Ameondoa kikombe, ameweka bakuli.

Sasa jambo zito. Nilipotoa kichwa nje, nimemwona mwanyumba ameinama juu ya mkono wa gia. Anautazama. Anakuna kichwa. Anausukuma kidogo huku, kidogo kule, na midomo yake inacheza kama ya mtu anayepiga hesabu. Aliponiona ameacha na kuanza kuzungumzia upepo.

Njama! Nimeielewa mara moja. Jumapili, mbele ya baba mkwe, mimi nikiwa nimeshika usukani, yeye atausukuma mkono wa gia kwenye NYUMA. Mashua itarudi kinyumenyume. Mzee atacheka. Mashua itakuwa ya mwanyumba.

Nimengoja aende nyumbani. Nimetoboa tundu kwenye bamba ambamo mkono wa gia hupita, nikapitisha bolti nene, nikaikaza. Sasa mkono unaweza kutoka katikati kwenda MBELE, basi. NYUMA hauendi hata uvutwe na ng'ombe. Kisha nimechukua msumeno wa chuma, nikaikata bolti kichwa, nikaisugua kwa tupa mpaka ikawa laini. Hakuna spana duniani itakayoishika. Hata mimi mwenyewe siwezi kuitoa!

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Mke wangu ameuliza nimefurahia nini. Nimemwambia kwamba kuanzia leo familia hii haitarudi nyuma.


Jumamosi, tarehe 9 Mei

Jaribio la mwisho. Tumeiacha mashua imefungwa gatini kwa kamba mbili, moja mbele na moja nyuma, mashua ikitazama majini. Nimefungua bomba la chini linaloleta maji ya kupoza injini. Nimezungusha mpini. Imewaka mara ya kwanza. Ya kwanza! Wazee wa gatini wamekuja na vijiti vyao, wakasikiliza kwa zamu, wakatikisa vichwa kwa namna ambayo nimeichukua kuwa ni sifa.

Nimeitia gia. Mashua imetetemeka nzima. Kamba ya mbele ikakaza ting'! kama uzi wa gitaa. Ya nyuma ikalegea mpaka ikagusa maji. Mwanyumba akasema, "Kaka, tazama kamba." Nimemwambia nimeitazama na nimeridhika: ndiyo nguvu hiyo. Mashua ina hamu ya kwenda mpaka kamba ya mbele haiwezi kuvumilia. Akafungua mdomo. Mke wake, shemeji yangu, akamwambia aache, mimi ni mtu mzima, nitajionea. Nimempenda shemeji kwa maneno hayo.

Mwenye hoteli ameleta magunia ya udongo na mbolea. Ameyapanga ukingoni, nyuma kidogo ya mashua yetu, kwenye ukuta mfupi wa bustani yake. Nimemuuliza haraka ya nini. Amesema maua hayangoji.

Jioni baba mkwe ametuma salamu. Saa tatu kamili kesho. Treni yake haijawahi kuchelewa, na hatarajii kuanza uzeeni. Baadaye mke wangu ameniambia kwamba mashua ile ndiyo kitu pekee ambacho baba yake alijinunulia mwenyewe maishani, na kwamba akiiona imejazwa udongo hatasema kitu, lakini hatakwenda tena upande ule wa ufuo kutembea. Nimemwambia asihofu, kila kitu kimekazwa. Nimekumbuka bolti na kutabasamu.


Jumapili, tarehe 10 Mei

Baba mkwe amefika saa tatu kamili, na kofia yake ya kazi, na kiti cha kukunja. Amewasabahi binti zake. Ametutazama sisi wawili kama anavyotazama reli zenye nyufa. Akapanda, akaweka kiti mbele kabisa ya mashua, akaketi, uso ukielekea majini, mikono juu ya magoti. Amesema tu: "Haya. Ondoeni."

Mwanyumba amefungua kamba. Mimi nimezungusha mpini. Tu! Tu! Tu-tu-tu! Nikavuta pumzi, nikakamata usukani, nikasukuma mkono wa gia kwenye MBELE.

Tukarudi nyuma.

Si kidogo. Kwa kasi nzuri kabisa, ya kupongezwa! Tulikwenda kinyumenyume moja kwa moja kuelekea ukuta wa bustani, ambako mwenye hoteli alikuwa amesimama juu ya magunia yake. Aliposhuhudia mashua inamjia yenyewe, amefungua mikono kuipokea. Nimeuvuta mkono wa gia. Umerudi katikati. Nimejaribu kuupeleka NYUMA, ambako sasa nilishuku ndiko mbele. Bolti! Nimeitukana bolti. Mwanyumba amenyakua upondo, akaukita kwenye ukuta wa bustani, akausukuma kwa nguvu zake zote, na mkia wa mashua ukapinda, ukampita mwenye hoteli karibu sana, kofia yake ya majani ikaanguka ndani ya mashua.

Tungeweza kuzima. Nilimtazama mwanyumba, akanitazama. Kuzima maana yake maua. Akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, propela haijui boya liko upande gani. Twende hivi hivi." Ni neno la busara la kwanza nililolisikia kwake. Nimetia gia tena. Nimegeuza usukani. Mashua yetu, mkia ukiongoza, ikaelekea majini, ikitoa moshi kwa fahari, huku watu wote wa gatini wamesimama wakishangilia. Kushangilia au kucheka. Kwa mbali ni sauti moja.

Baba mkwe hakugeuka. Alikuwa ameketi vile vile, lakini sasa uso wake ulielekea pwani. Amesema bila kugeuza shingo, "Mwanangu, behewa la mwisho limetangulia." Nimemjibu kwamba ndivyo nilivyopanga. Kwenye gati binti zake wawili walikuwa wakimpungia vitambaa. Akainua mkono. Nao wakapunga tena. Akapunga tena. Wakawa wadogo, wadogo, mpaka vikabaki vitambaa viwili tu, naye bado anapunga.

Tumelizunguka boya jekundu. Kulizunguka kinyumenyume si jambo la mtu yeyote. Usukani unafanya kinyume cha unachouambia. Tumeligonga mara moja tu, na kwa upole.

Kurudi ndiko kulikokuwa na balaa. Mashua inakwenda gatini mkia mbele, na mimi sina gia ya kuisimamisha. Nikizima mapema hatufiki. Nikizima kwa kuchelewa tunaingia bustanini. Jasho limenitoka. Nimefikiria kumtupa majini mtu ambaye ningeweza kumlaumu. Ndipo mwanyumba aliposema, kwa utulivu kabisa, kwamba upepo unatoka nchi kavu, na kwamba tanga likipandishwa litatusukuma kuelekea tulikotoka. Yaani litatuzuia. Breki!

Nimemwambia hilo nilikuwa nalo akilini tangu Jumatatu. Akasema, "Bila shaka, kaka," akavuta kamba za mzee mwenye jicho moja. Tanga likapanda na duara lake jeusi katikati, likashika upepo, puu! Mashua ikapunguza mwendo, ikapunguza, ikapunguza. Nikazima injini. Tukagusa gati kama mtu anavyoweka kikombe juu ya kisahani.

Kimya. Nimesikia tone langu likidondoka ndani ya bakuli.

Baba mkwe amesimama. Amekunja kiti. Ametutazama, mmoja baada ya mwingine. Kisha, jambo ambalo mke wangu anasema hajaliona tangu utotoni, midomo yake imeanza kutetemeka, mabega yakafuata, akacheka mpaka akashika mlingoti. Alipopata pumzi amesema kwamba maisha yake yote ameendesha treni akitazama mbele. Kila stesheni watu walisimama wakipunga mikono, naye hakuwahi kuwaona hata mara moja, kwa sababu dereva hatazami alikotoka. Leo ameondoka, na ameona wanaobaki, mpaka mwisho. Akajifuta macho kwa kofia. Halafu akauliza, kwa sauti yake ya kawaida, ni punguani gani aliyeikata bolti kichwa.

Hukumu: mashua ni ya binti zake wawili. Sisi tutakuwa vibarua wao. Mimi injini, mwanyumba tanga, na hakuna atakayegusa kitu bila mwenzake kuwapo. Mke wangu na dada yake wamekumbatiana. Mwenye hoteli amepewa kofia yake. Alikuwa na uso wa mtu aliyeahirishiwa harusi.

Kwa maoni yangu, nimeshinda.


Jumatatu, tarehe 11 Mei

Mwanyumba ameitoboa bolti kwa keekee, akaitoa. Nilikuwapo, kama sheria inavyotaka. Alitaka pia kubadilisha maandishi yangu. Nimekataa. Nimemweleza kwamba injini haina kosa, na rangi haina kosa. Aliyeiunda mashua ndiye aliyeielekeza vibaya. Amekubali. Amesema basi atabandika kijikaratasi tu.

Mke wangu amefungua mfuniko wa sufuria. Sitaandika yaliyofuata. Mwisho wake ni kwamba sufuria imekwenda hotelini, imejazwa udongo, na ina waridi moja ndani, linalopata jua la kutosha. Mwenye hoteli amefurahi hivi kwamba amemwagiza mwanyumba mapazia ya vyumba vyote, yawe tayari haraka. Mwiko wangu unaning'inia ndani ya mashua, kando ya injini. Mpya umefichwa. Uko nyuma ya pipa la unga.

Jumapili ijayo tunakwenda tena boyani, sote, pamoja na mzee. Ameomba twende kinyumenyume.

Sasa habari njema. Lile tanga lilikuwa zito. Cherehani ya mwanyumba imechoka, inaruka nyuzi, na mapazia yanangoja. Nimejitolea kuitengeneza. Bure, kindugu. Mwanyumba amesita. Ametazama ukuta, ametazama viatu vyake. Mke wangu amemwambia kwa sauti, tena mbele yangu, "Shemeji, usimpe!" Lakini mtu huyo, kama nilivyokwisha kusema, hana adabu ya kukataa.

Imekaa juu ya meza ya chakula. Imetulia vizuri. Mke wangu amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anauliza watu watakula wapi. Nimeifungua yote. Ina vidude vingi kuliko nilivyotarajia, na kimoja kinaweza kusukumwa huku au kule, kitambaa kikaenda mbele au kikarudi. Hapo ndipo watu wazembe huharibu. Nimeigeuza cherehani ipate mwanga, nimetayarisha bolti na msumeno wa chuma, nimefungua kopo la rangi nyekundu.

Mbele ni upande wa dirisha.